Fuso 6D16 inakata feni belti kila baada ya wiki chache: nichague mkanda upi?

#1 Fuso_Kibaigwa
Wakuu, habari za jioni.

Nina Fuso la mwaka 1994, injini 6D16. Natoa mahindi Kibaigwa kupeleka Dar, na msimu wa alizeti napanda Singida na saruji, narudi na alizeti. Injini haina tatizo, haili oili, asubuhi inashika mara moja. Kinachonitesa ni feni belti. Tangu mwezi wa tatu nimebadilisha mara 4.

Puli ya krenki (gurudumu la mkanda mbele ya injini) ina mifereji miwili, kwa hiyo inavaa mikanda miwili inayozungusha pampu ya maji, feni na altaneta. Kila mara unaokatika ni wa nje, ule wa upande wa rejeta. Wa ndani nikiukuta unakuwa mzima ila umelegea.

Mara ya mwisho ilikuwa mlima wa Saranda, saa 8 mchana, mzigo umejaa. Taa ya chaji iliwaka kwanza, tandiboi akasema ni waya umechomoka. Nikasikia kitu kinapiga kwenye bodi ya feni, pa pa pa, harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Nilipopata pa kuegesha, geji ya joto ilikuwa inagusa nyekundu. Wa nje umekatika, umempiga mwenzake, wote wako chini. Tulikaa pale mpaka saa 1 usiku.

Sasa swali. Namba ya mkanda wa kwanza kabisa ilishafutika. Duka moja walinipa A, jingine wakanipa B wakasema ni wa mashine ya kusaga, ni imara zaidi. Duka la tatu waliushika ule uliokatika, wakaulinganisha na uliokuwa umening'inia ukutani, wakasema "huu huu". Mnachaguaje mkanda wa injini ya zamani kama hii? Nawasilisha.

#2 Canter_ya_Nkuhungu
Naweka kambi hapa. Mimi nina Canter, injini 4D32, haikati ila inapiga mluzi kila asubuhi hadi majirani wanajua naondoka.

#3 Spana_17
Mkuu, usihangaike sana, hizo ni feki. Siku hizi mkanda unachapwa jina la Mitsuboshi au Bando, unawekwa kwenye kasha zuri, kumbe ndani nyuzi zake ni za kushonea magunia. Nilinunua miwili mwaka jana, nikapitisha kitambaa chenye petroli kidogo kwenye maandishi, yakatoka yote, kitambaa kikawa cheupe. Ule wa zamani niliotoa kwenye gari, wenye miaka sijui mingapi, maandishi yake bado yanasomeka.

Nunua orijino, lala usingizi.

#4 Dada_wa_Spea
Karibu Fuso_Kibaigwa, na pole kwa Saranda. Mimi nauza spea hapa Dodoma mjini mwaka wa 11 sasa, mikanda ndiyo inayoniletea ugomvi na wateja kuliko kitu kingine. Spana_17 ana haki kuhusu feki, lakini hata orijino ukikosea saizi utakatika.

Herufi inasema umbo, namba inasema urefu. A ni mkanda wenye upana wa milimita 13 juu na kimo cha milimita 8. B ni 17 kwa 11. Kwa hiyo aliyekupa A na aliyekupa B mmojawapo alikosea waziwazi, hizo haziingiliani. B kwenye mfereji wa A inakaa juu juu, inashika kona tu. A kwenye mfereji wa B inazama mpaka chini, inakalia kitako badala ya mbavu, yaani zile pande zake mbili za mshazari. Mkanda wa umbo la V haushiki kwa kitako, unashika kwa mbavu. Ukiona chini ya mfereji pamekuwa panang'aa kama sarafu, mkanda wako unakalia kitako na unateleza.

Kuna pia ya AVX10 na AVX13, hii ndiyo ya magari hasa: 10 au 13 ni upana wa juu kwa milimita, ina meno ndani, na mbavu zake zimekatwa hazijafungwa kitambaa.

Naomba unijibu matatu: upana wa mfereji juu kwenye kila puli (krenki, pampu ya maji, altaneta), altaneta ni ile iliyokuja na gari au imebadilishwa, na je, mikanda miwili mnanunua pamoja au mnabadili uliokatika tu?

#5 Utingo_Mstaafu
Mbukwenyi wana Dodoma na wengine wote.

Kijana wangu, miaka tuliyokuwa tunapanda Scania kwenda Kigoma kabla ya lami, mkanda ukilia tulipaka sabuni ya mche. Unashika kipande, unapitisha kwa ndani injini ikiwa imezimwa, mnaondoka. Ukikatika na huna mwingine, tunasokota kamba ya mpira wa ndani wa tairi, unafika kijiji cha mbele. Na mikanda miwili ilikuwa ni mapacha, huwezi kumzika mmoja ukamwacha mwenzake.

#6 Maji_ya_Kizota
Dada_wa_Spea nakupinga kidogo. B-50 ni sentimita 50, na mkanda wa Fuso hauwezi kuwa mfupi hivyo, kwa hiyo B ya lori si hiyo B ya mashine.

#7 Dada_wa_Spea
Hapana kaka yangu. 50 pale ni inchi, tena inchi za urefu wa ndani. Inchi 50 ni milimita 1270. Ukizungusha futi kwa nje ya mkanda huohuo utapata kama 1339, kwa sababu kimo cha mkanda ni 11 na unazunguka duara zima: 2 mara 3.14 mara 11 ni 69. Kwa A nyongeza ni kama 50.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mteja anakuja amepima nje kwa futi ya fundi cherehani, amepata 1340. Muuzaji naye kitabu chake kinaandika ndani. Anampa wa 1340 wa ndani. Mkanda umeongezeka sentimita 7 nzima, altaneta inasukumwa hadi mwisho wa reli yake ya kukazia na bado mkanda unacheza. AVX wao wanaandika urefu wa nje, mara nyingi utaona "La" mwishoni. Kwa hiyo ukitoka A kwenda AVX usihamishe namba kichwa kichwa.

#8 Maji_ya_Kizota
Nimekuelewa dada, asante. Nimejifunza.

#9 Mhandisi_Nala
Mzee wangu Utingo_Mstaafu, shikamoo. Kwenye mapacha nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwenye sabuni hapana. Sabuni inanyamazisha kelele kwa muda kwa sababu inabadilisha msuguano, lakini kelele ilikuwa inakuambia mkanda unateleza au puli hazijanyooka. Ukiinyamazisha, kinachoendelea chini yake ni joto. Hivyo hivyo hata zile dawa za kunyunyiza zinazouzwa kwa ajili ya mikanda, zinalainisha mpira, zinanasa vumbi, na vumbi letu la hapa ni kama msasa.

Kuhusu B ya mashine ya kusaga: usiweke, hata kama puli zako zingekuwa za B. Mkanda wa mashine umefungwa kitambaa pande zote na umetengenezwa kwa puli kubwa. B ya kawaida haitakiwi kuzungushwa kwenye puli ndogo kuliko kipenyo cha milimita 125 hivi. Nenda kapime puli ya altaneta yako, sidhani kama itafika 90. Kila unapopita pale mkanda unakunjwa kupita kiasi, ndani unabanwa, nje unavutwa, unapata joto, halafu nyufa. Meno ya ndani kwenye mikanda ya magari yamewekwa ili uweze kukunjika kwenye puli ndogo.

#10 Mama_Alizeti
Nimesoma kimya kimya sasa nimeshindwa kunyamaza. Nina malori mawili Singida, siendeshi wala sijui spana, lakini mimi ndiye ninayelipa. Dereva wangu alikuwa ananiambia "mama, mmoja tu umekatika, nitumie elfu 25". Mara tatu. Mara ya nne akanipigia kutoka mlima wa Sekenke kwamba gari imechemsha, gasketi ya hedi imeondoka. Nililipa gasketi, nikalipa kusawazisha hedi, nikalipa kuvuta gari, na mwenye mzigo akakata fedha yake. Hesabu hiyo ingeninunulia mikanda ya miaka mingi.

Wenye magari tuliomo humu, mkiambiwa mmoja, tumeni ya miwili. Sina utani kwenye hili.

#11 Spana_17
Mama umenena. Ila na huyo dereva alitakiwa azime gari taa ya chaji ilipowaka. Kwenye injini ambazo altaneta na pampu ya maji ziko mkanda mmoja, taa ya chaji ikiwaka ghafla njiani usifikirie waya, fikiria maji.

#12 Mama_Alizeti
Nimemwambia hivyo kwa lugha ambayo hataisahau.

#13 Fuso_Kibaigwa
Wakuu nimerudi. Leo nilikuwa Kizota kwa fundi, nimeazima venia (kipimo cha milimita), nimepima upana wa mifereji.

Krenki: 13.5 mifereji yote miwili.
Pampu ya maji: 13.5 na 13.7.
Altaneta: wa ndani 13.6, wa nje 15.2, na chini yake panang'aa kama alivyosema dada.

Altaneta si ya kwanza. Ile ya mwanzo iliungua mwaka juzi, nikanunua ya mtumba, volti 24, ampea 60. Fundi anasema ya zamani ilikuwa ndogo. Kununua: kweli, mara tatu nilibadili uliokatika tu. Mara moja ndiyo nilibadili yote, na hiyo ndiyo ile ya B ya mashine, haikumaliza hata safari ya Dar.

#14 Dada_wa_Spea
Basi jibu umejipa mwenyewe. Injini yako ni ya 13, yaani A au AVX13. Puli ya altaneta mfereji wa nje umelika. Mbavu zikichimbika zaidi ya kama 0.8 ya milimita, puli ni ya kutupa. Mkanda mpya ukikaa pale unazama, unateleza, unaungua. Badili puli, weka AVX13 pacha, urefu tuutafute kwa kamba.

#15 Mhandisi_Nala
Dada, samahani, hesabu haikubali. Mkanda wa nje ukizama kwenye altaneta, njia yake inakuwa fupi, kwa hiyo *wa nje* ndiyo ungelegea. Lakini mleta mada katika #1 anasema unaolegea ni wa ndani. Huo uliokaza ndio uliokuwa unabeba mzigo wote peke yake, ndiyo maana ukakatika. Mimi naona chanzo ni kuchanganya: wa ndani ni mzee, umeshavutika, wa nje ni mpya na mfupi. Fundi anakaza mpaka mpya utulie, mzee bado unaning'inia. Mpya unafanya kazi ya wawili. Kulika kwa mfereji kumekuja baadaye, ni matokeo.

#16 Dada_wa_Spea
Alipoupapasa wa ndani ulikuwa tayari umepigwa na mwenzake na uko chini. Mkanda ulioruka kwenye puli unavutika na nyuzi zinakatika kwa ndani. Huwezi kutumia ulegevu wa maiti kujua alivyokuwa hai.

#17 Mhandisi_Nala
Hilo nalikubali kwa safari ya Saranda. Hizo safari nyingine tatu je? Fuso_Kibaigwa, ulipoupapasa wa ndani ulikuwa bado kwenye puli?

#18 Fuso_Kibaigwa
Mara mbili ulikuwa kwenye puli. Umelegea, naubonyeza kwa kidole gumba unaingia kama upana wa vidole viwili.

#19 Mhandisi_Nala
Nimemaliza.

#20 Fundi_wa_Bahi
Hujamaliza mkuu. Mnabishana kuhusu mikanda wakati altaneta ni ya gari jingine. Nimefunga altaneta za mtumba nyingi, na karibu zote masikio yake ya bolti hayalingani na bano la injini. Fundi anaweka washa moja, anakaza, anaondoka. Puli inakaa mbele au nyuma kwa milimita 4 au 5. Mkanda unaingia kwenye mfereji kwa kukata kona, mbavu moja inalika kuliko nyingine. Mfereji wa 15.2 naamini ni kwa sababu hiyo.

Chukua uzi wa mwashi, gari imezimwa, uvute uguse uso wa puli ya krenki sehemu mbili, upite mpaka altaneta. Unatakiwa uguse sehemu mbili na kule, maadamu kingo za puli zina unene sawa. Kinachovumilika ni kama nusu digrii tu, maana yake kwenye umbali wa milimita 300 ni milimita 2 na nusu. Zaidi ya hapo unakula mikanda.

Na uangalie huo mkanda uliokatika: mbavu zote mbili zimelika sawa au moja imekuwa laini kama kioo?

#21 Fuso_Kibaigwa
Moja ni laini kama kioo. Nyingine bado ina ukwaru.

#22 Fundi_wa_Bahi
Mnaona.

#23 Jua_la_Mtera
Mimi nitakuja na langu. Ampea 60 mnaichukulia poa. Volti 28 (ndizo za kuchajia gari la volti 24) mara 60 ni wati 1680, na altaneta za zamani nyingi zinapoteza, tuseme zinarudisha asilimia 60 ya wanachopewa. Hapo mkanda unavuta kama kilowati 2.8 kwa altaneta peke yake ikiwa imejazwa. Una spotilaiti ngapi juu ya kebini? Una friji? Betri zako ni nzima au zinakunywa chaji kila siku? Betri mbovu inaifanya altaneta ifanye kazi bila kupumzika.

#24 Fuso_Kibaigwa
Spotilaiti 6. Betri moja ni ya kuungaunga, nakiri.

#25 Spana_17
Spotilaiti 6 kwenye Fuso! Unabeba mahindi au unatafuta mtu aliyepotea porini?

#26 Fuso_Kibaigwa
Ndugu yangu, barabara ya kwenda Singida usiku ina ng'ombe na punda, na punda hakwepi. Hizo taa zimeniokoa.

#27 Itigi_Line
Feni je? Mbona hamuigusi? Nguvu inayoliwa na feni inapanda kwa mchemraba wa mzunguko: ukizidisha mzunguko mara 2, feni inakula mara 8. Kama feni yake ina klachi ya mafuta ya silikoni na imeganda, basi feni inazunguka moja kwa moja na injini wakati wote, hata akishuka mlima kwa gia ndogo injini inalia. Hapo mkanda unateswa hata kama puli zimenyooka. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kabisa kama imechomelewa, umepata mgonjwa mwingine.

#28 Fundi_wa_Bahi
Hiyo nayo ni hoja. Ila Itigi_Line, ikiganda gari inakuwa baridi na inanguruma kama ndege. Fuso_Kibaigwa hajalalamika hivyo.

#29 Itigi_Line
Mwenye gari la kelele hasikii kelele mpya.

#30 Utingo_Mstaafu
Marahaba Mhandisi_Nala, nimekubali la sabuni, ingawa ilitufikisha.

Mmenikumbusha Scania zilizokuwa zinaunganishwa pale Kibaha kwenye kiwanda cha TAMCO. Gari ilikuwa inatoka na kitabu chake, namba ya mkanda imeandikwa ndani, unakwenda dukani na karatasi. Siku hizi gari imetoka Japani, ikapita kwa watu wanne, kitabu kimeandikwa Kijapani na kimefungiwa vitumbua.

Na jambo moja vijana hamfanyi: mikanda ya akiba. Mnaitundika kwenye msumari nyuma ya kiti, jua linapiga, dumu la oili linavujia hapo hapo. Mkanda wa akiba unakufa kabla haujafungwa. Sisi tuliiweka kwenye mfuko wa kitambaa chini ya godoro la utingo, imelala mviringo, haijakunjwa.

#31 Dada_wa_Spea
Hilo la kuhifadhi ni kweli kabisa mzee. Oili inavimbisha mpira, na mkanda uliovimba haukai kwenye mfereji. Hata ukivuja maji ya rejeta au oili ya krenki juu ya mkanda mpya, ziba kwanza uvujaji ndiyo ufunge.

#32 Canter_ya_Nkuhungu
Samahani kwa kuchelewesha mada, hiyo kamba ya kupima urefu mnaifanyaje?

#33 Fundi_wa_Bahi
Sukuma altaneta karibu na injini, halafu irudishe nje kama theluthi ya reli yake. Chukua kamba isiyovutika, si ya mpira, izungushe kwenye puli zote pale ambapo *mgongo* wa mkanda ungekaa, sawa na mdomo wa mfereji, si chini. Weka alama, pima. Huo ni urefu wa nje. Usipime kwa mkanda wa zamani kama unaweza kuepuka, maana ulishavutika. Kwa nini theluthi: mkanda mpya uingie bila kuupiga kwa bisibisi, na ubaki na nafasi ya kukaza baadaye.

Wanaoingiza mkanda kwa kuusokomeza na bisibisi huku wanazungusha injini, wanakata nyuzi za ndani siku ya kwanza. Kwa macho hutaona kitu. Utaona Saranda.

#34 Spana_17
Na ukazaji? Mimi najua milimita 10 ukibonyeza katikati, basi.

#35 Mhandisi_Nala
Inategemea umbali kati ya puli na puli. Kanuni ya jumla ni milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za umbali huo. Kama ni milimita 400, ni 6 na kidogo. Milimita 10 kwa kila gari inaweza kuwa legevu kwa mmoja na sawa kwa mwingine.

#36 Fundi_wa_Bahi
Vitabu vya Wajapani vingi vinasema bonyeza kwa kilo 10 katikati, uone milimita kadhaa zilizoandikwa kwa injini hiyo, na mara nyingi ni 10 na kuendelea. Nguvu unayobonyeza nayo ndiyo inayobadilisha jibu. Kidole cha Mhandisi na kidole changu si kimoja. Mimi nimekaza hivyo Bahi miaka yote.

#37 Mhandisi_Nala
Kwa nguvu ya kilo 10 sawa, kitabu cha injini ndiyo mwamuzi. Mimi nilikuwa nasema kanuni ya asiye na kitabu.

Ila wote tunakubaliana kwamba mkanda mpya unakazwa mara mbili? Ukifunga, washa dakika 15 au 20, zima, upoe, kaza tena. Halafu urudie baada ya safari ya kwanza. Mkanda mpya unajikalisha kwenye mfereji na kuvutika kidogo, asiyerudia anaondoka na mkanda uliolegea bila kujua.

#38 Fundi_wa_Bahi
Hapo hatuna ugomvi. Na ukikaza kupita kiasi unaua beringi ya pampu ya maji.

#39 Maji_ya_Kizota
Kwa nini asiondoe hii mikanda ya V akaweka ule mmoja mpana wenye mistari, 8PK? Malori mapya yote yanao.

#40 Dada_wa_Spea
Kwa sababu 8PK ina mistari 8, kila mstari umbali wa milimita 3.56 kutoka mwingine, upana wote kama 28 na nusu, na inahitaji puli zake zote: krenki, pampu, altaneta, na puli ya kujikaza yenyewe. Gharama ya kubadili puli zote hizo kwa Fuso la 1994 ni kubwa, na ukikosa puli moja Manyoni umelala. A na AVX13 unazipata hata duka la vijijini. Siuzi kitu kwa kumkomoa mteja.

#41 Fuso_Kibaigwa
Wakuu, mrejesho.

Nilikaa gereji siku mbili. Uzi wa mwashi umeonyesha altaneta ilikuwa nyuma kwa milimita 4. Fundi ametoa washa, akachonga kipande cha bomba kikakaa badala yake, sasa uzi unagusa kote. Puli ya altaneta nimebadili. Nimeweka AVX13 miwili ya jina moja, kasha moja, tarakimu za nyuma zinafanana, nimefuta kwa petroli na maandishi hayajatoka. Urefu tulipata kwa kamba, 1275. Spotilaiti nimepunguza zikabaki 4, betri mbovu nimeitupa. Feni nimezungusha kwa mkono, inakataa kidogo lakini si kama imechomelewa.

Nimeshakwenda Singida na kurudi mara mbili na Dar mara moja. Nimekaza mara mbili kama mlivyosema. Jana nimefungua boneti pale Kibaigwa, nikapitisha kidole kwenye mbavu za mikanda: pande zote mbili zina ukwaru uleule, hakuna unga mweusi kwenye bodi ya feni.

Nawashukuru sana.

#42 Mhandisi_Nala
Hongera. Lakini umetuulia kesi, umebadili vitu vitano kwa mkupuo. Mimi bado nasema ni mapacha.

#43 Fundi_wa_Bahi
Milimita 4, mkuu. Nne.

#44 Jua_la_Mtera
Na betri je?

#45 Dada_wa_Spea
Puli umeitupa au unayo? Naomba picha ya mfereji wa nje karibu. Mbavu ikiwa imelika upande mmoja, Fundi_wa_Bahi ana haki. Ikiwa imelika pande zote sawa, mimi na Mhandisi tutaendelea.

#46 Fuso_Kibaigwa
Fundi aliichukua na vyuma chakavu, ngoja nimpigie.

#47 Canter_ya_Nkuhungu
Huku akitafuta puli, nisaidieni wa mluzi. Jirani aliniambia ninyunyizie maji kidogo kwenye mkanda injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyaga mafuta. Nimefanya leo asubuhi. Mluzi ukakata kabisa, baada ya nusu dakika ukarudi vilevile. Mkanda nimebadili mwezi uliopita.

#48 Fundi_wa_Bahi
Kelele ingezidi kwa maji ningesema mkanda umelegea. Ikikata kisha ikarudi, mara nyingi ni puli hazijanyooka. Altaneta ya kwako ni ya kwanza au ya mtumba?

#49 Canter_ya_Nkuhungu
Ya mtumba.

#50 Fundi_wa_Bahi
Anza na uzi wa mwashi, kesho asubuhi kabla injini haijapata moto. Uje na picha.